Uliniuliza umekosea wapi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umepimwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi kwa kupakwa siki, muuguzi akaona weupe, yaani huenda kuna seli zilizobadilika, sasa unaniuliza: "Mama, nimekosea wapi? Au ni mume wangu kaniletea?"

Hujakosea popote. Na mumeo usimkabe. Kirusi kinachobadilisha seli hizo, HPV, huambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila aliyewahi kujamiiana hukutana nacho. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi, wala hakuna kipimo cha kukuambia ulikipata lini au kwa nani. Kwa wengi mwili hukifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Balaa huja kinapong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi.

Mbona kwa mmoja king'ang'anie na kwa mwingine kiondoke? Kubwa ni kinga ya mwili. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hii mara 6 kuliko asiye navyo. Kwa hiyo kama hujapima karibuni, pima, mama. Najua neno hili ni zito, lakini nikilinyamazia nitakuwa sikupendi. Sigara nayo inachangia. Kuna pia kuanza kujamiiana mapema, wapenzi wengi, wako au wa mwenzako, kuzaa mara nyingi, na vidonge vya uzazi wa mpango vikitumika zaidi ya miaka 5. Vyako usivitupe kwa hofu, muulize mtaalamu kwanza. Ukiviacha, hatari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita.

Mimi niliolewa na miaka 17, nikawazaa ninyi sita. Kwa hesabu hizo ningetangulia mimi kuugua, na kila nilipopimwa nilikutwa salama. Ndiyo maana sitaki ujihukumu.

Weupe ule peke yake hauna maana kwamba una saratani. Seli zikiachwa hivyo, mara nyingi huchukua miaka 10 hadi 20 kufika huko, ingawa kinga ikiwa dhaifu huenda haraka zaidi. Zikihitaji tiba, huchomwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mjukuu wangu amefikisha miaka 10. Chanjo ya HPV hapa Tanzania hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ikija shuleni kwao, asikose.

Jumatatu napanda basi la alfajiri. Kliniki usiende peke yako, nisubiri.

Mama yako