Re: Kompyuta mbili za XP hazionani kwa waya

Mkuu, umesema umeziunganisha mashine mbili za Windows XP kwa waya mmoja wa mtandao bila switchi (kisanduku cha kuunganishia kompyuta kadhaa), na zote zinadai waya haujachomekwa. Basi usiguse mipangilio kwanza, anza na waya wenyewe. Kadi nyingi za mtandao za zamani za 10/100 (kasi ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde) haziwezi kubadilisha zenyewe njia ya kutuma na ya kupokea, kwa hiyo waya wa kawaida hauzikutanishi moja kwa moja. Shika ncha zote mbili pamoja, klipu zikitazama chini. Rangi zikifuatana sawasawa, huo ni wa kawaida. Unaotakiwa ni krosova: upande mmoja chungwa na kijani zimebadilishana, pini 1 kwa 3 na 2 kwa 6. Ukipata switchi ndogo hata ya mtumba, chukua hiyo. Ni bora zaidi, na mashine ya tatu itapata pa kuchomeka.

Taa za kadi zikiwaka, zipe anwani kwa mkono: 192.168.0.1 na 192.168.0.2, maski (subnet mask) 255.255.255.0 kote. Kisha kwenye mashine ya kwanza fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ping 192.168.0.2 uone kama ya pili inajibu.

Isipojibu, ushuku ukuta wa moto wa Windows (firewall, kinga inayozuia miunganisho kutoka nje). Tangu Service Pack 2 (sasisho kubwa la XP) ya mwaka 2004 huwa umewashwa tayari. Tafadhali usiuzime wote, hasa kama mashine mojawapo inaingia intaneti. Ruhusu tu File and Printer Sharing (kushirikiana faili na printa) kwenye orodha ya Exceptions ya ukuta huo.

Ping ikijibu lakini folda haionekani, andika \\192.168.0.2 kwenye Run ya menyu ya Start. Utuambie imesemaje.