Nepi za kufua za watu wazima: usiongeze taulo, tazama kwanza kinachogusa ngozi

Dada, umesema unashona nepi za kufua kwa ajili ya wazee na wagonjwa wa kiharusi, na mteja wako wa kwanza kachubuka mapajani ndani ya siku nne. Umeuliza uongeze taulo ngapi ndani. Nakujibu kama fundi, na kama mtu aliyemuuguza mama yake miaka mitatu na nusu hapa Morogoro: usiongeze hata moja. Tatizo liko juu, pale panapogusa ngozi.

Nilikosea hapo hapo. Mama alipopooza upande wa kulia, pampasi za dukani zilitumalizia hela, maana kwa siku alihitaji nne au tano. Nikashona za kwangu: pamba tupu juu, taulo nne ndani, nailoni nje. Hazikuvuja hata tone. Baada ya wiki moja makalio yakawa mekundu, yanang'aa, yakaanza kutoa majimaji. Mama alikuwa hawezi kusema. Nikimgeuza alikuwa anakunja uso tu. Uso ule sijausahau mpaka leo.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenielewesha. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) kama 4.5 hadi 5.5, na uchachu huo unaikinga. Mkojo ukikaa, bakteria wanaigeuza urea kuwa amonia na ule uchachu unapotea. Choo kikichanganyika humo, vimeng'enya vyake, vile vinavyosaga chakula tumboni, vinapata nguvu zaidi na kuanza kuila ngozi. Halafu nailoni inafungia joto, ngozi inalowa na kulainika, na pindo la nepi likipita juu yake inatoka. Yaani shuka linabaki kavu, mgonjwa ndiye analowa.

Nikanunua pampasi za aina tatu nikazipasua kwa mkasi mezani. Ningekuomba ufanye hivyo kabla hujakata kitambaa kingine. Juu kabisa kuna kitambaa chepesi ambacho chenyewe hakinywi maji, kinayapitisha tu. Chini yake kuna utepe wa nyuzinyuzi unaoyasambaza haraka mbele na nyuma. Ndipo unakuta pamba ya mbao iliyochanganywa na chembe kama sukari, zikilowa zinageuka jeli. Chembe hizo ndizo zinazoushika mkojo hata mtu akiukalia. Taulo haiwezi hivyo, ikikaliwa, inautema. Ndiyo maana nepi ya kitambaa haikai mwilini saa nyingi kama ya dukani, hata ungeishona vipi, na mteja lazima umwambie hivyo siku anayonunua.

Kwa hiyo juu weka poliesta ya jezi za mpira wa miguu, ile yenye vitundu. Pamba inakaa na maji, jezi inayashusha chini. Taulo mbili kuukuu zinatosha mchana, na za mtumba zilizofuliwa sana hunywa vizuri kuliko mpya. Mwanamke anayelala chali umnenepeshee katikati kuelekea nyuma, mwanamume mbele. Nje achana na nailoni, tafuta poliesta yenye utando wa poliurethani, aina ya plastiki nyembamba. Ni ghali, ila hupitisha mvuke kidogo.

Sasa mapajani, ambako ndiko mteja wako alikoumia. Nina hakika utakuta mshono wa ovaloki umeelekea ndani, au lastiki imeshonwa moja kwa moja kwenye ukingo. Mshono wote utazame nje. Lastiki ipite ndani ya mfereji wa baisi (utepe wa kukunjia ukingo) pana ya kitambaa cha fulana, na ukiisha kumvalisha, vidole viwili viingie pajani bila kulazimisha. Pima kiuno na kila paja peke yake. Mtu akipooza mguu mmoja, mguu huo huwa mwembamba kuliko mwingine. Kubwa sana nayo inachubua, kwa sababu inajikunja. Funga ubavuni kwa velkro ili abadilishwe akiwa amelala, na ule upande wenye ndoano usifike kwenye ngozi.

Kabla ya kuuza, ijaribu. Nusu lita ya maji, chumvi kijiko cha chai kisichojaa. Chumvi ni ya lazima ukitaka kuilinganisha na ya dukani, maana zile chembe hunywa maji matupu mengi zaidi mara kadhaa kuliko zinavyokunywa mkojo, utadanganyika. Mimina mililita 300 kwa mkupuo, kwani mtu mzima ndivyo anavyokojoa. Subiri dakika kumi, weka tishu kavu zilizokunjwa, na juu yake mfuko wa unga wa kilo 2 kwa dakika moja. Tishu zikitoka chapachapa, ujue na ngozi ingekuwa hivyo. Nepi yangu ya kwanza ililowesha tishu zote nilizoweka. Ya jezi, taulo zikiwa mbili tu, iliacha unyevu mdogo.

Ufuaji: wasitumie vilainishi vya nguo, vinazuia kunywa, na wasuuze mpaka povu liishe kabisa. Mafuta mazito ya mgando yakipakwa mengi yanaziba kitambaa. Krimu ya zinki iliyopakwa nyembamba inatosha. Mwilini wasisugue kwa sabuni ya mche, ni kali mno kwa ngozi hiyo. Maji, kisha kukausha kwa kugusagusa.

Huyo mteja mwenyewe asiivae hiyo nepi tena mpaka apone. Alale wazi juu ya taulo kila inapowezekana, na akivaa ya dukani abadilishwe mara tu inapolowa. Ukiona vipele vidogo vimetawanyika pembeni ya wekundu, hiyo huenda ni fangasi, inataka dawa yake. Kidonda kikiwa juu ya mfupa wa mkia au nyonga, hicho huenda kimetokana na kulalia upande mmoja na nepi haitakiponya. Apelekwe hospitali leo, na nyumbani wamgeuze kila baada ya saa mbili.

Nitumie vipimo vya kiuno na vya mapaja yote mawili. Nitakuchorea kwenye karatasi jinsi ya kukata lile eneo la paja.