Gourde ya Haiti: jina la vibuyu au la fedha nene?

Swali: Kaka yangu yuko Port-au-Prince na kikosi cha polisi wetu wa Kenya. Anasema hela ya huko inaitwa gourde kwa sababu zamani mfalme wao alitumia vibuyu kama pesa. Ni kweli? Na mbona sokoni wanamtajia bei kwa dola halafu wanapokea gourde?

Jibu: Hii stori ya vibuyu ni maarufu sana na haikuzuka tu hewani, maana kwa Kifaransa gourde ni kibuyu kweli. Inasimuliwa kwamba mwaka 1807 Henri Christophe, akiwa anatawala kaskazini na hazina haina kitu, alitangaza vibuyu vyote ni mali ya serikali, akavikusanya, akawalipa navyo wakulima wa kahawa kwa sababu mkulima bila kibuyu hana cha kutekea maji wala cha kulia, halafu ile kahawa akaiuza nje kwa dhahabu. Akili nyingi hapo, siwezi kukataa.

Shida ni tarehe. Haiti ilipokuwa bado koloni la Ufaransa ikiitwa Saint-Domingue, karne ya 18 huko, watu walishazoea kusema "piastre gourde", yaani ile sarafu kubwa ya fedha ya Wahispania yenye thamani ya reale 8, iliyokuwa ikigongwa Mexico na Potosí, Bolivia ya leo. Hata wazee wetu wa pwani walikuwa wakihesabu mahari kwa reale, na jina hilo nalo asili yake ni hukohuko Uhispania. Sarafu yenyewe ilikuwa nzito, gramu 27 hivi, na Kihispania kitu kinene ni gordo, ndiyo gourde ikaja. Kwa hiyo Christophe alilikuta jina lipo tayari, mimi nasimama hapo. Haiti ilijitangazia uhuru 1804, na gourde kama hela rasmi ya nchi ikaanza 1813 ikichukua nafasi ya livre, imegawanywa senti 100.

Sasa hiyo dola, na hapa kaka yako awe makini maana ndipo wageni wanapopigwa. Wakati Marekani imeikalia Haiti, 1915 mpaka 1934, gourde ilifungwa kwa dola, gourde 5 kwa dola 1, na kiwango hicho kikadumu mpaka miaka ya 80 mwishoni, watu wakazoea kuita kila gourde tano "dola". Kiwango kilipoachiwa hela ikaporomoka, lakini mdomo haukubadilika. Hiyo dola ya Haiti haina noti wala sarafu, ni ya kuhesabia tu. Kwa hiyo mama wa sokoni akisema dola 20 anataka gourde 100, ambayo ni noti moja tu, yenye picha ya huyohuyo Christophe na nyuma ngome yake ya Citadelle. Mwaka 2024 dola ya Marekani ilikuwa kama gourde 130, sasa piga hesabu, dola 20 za Haiti hata dola 1 ya Marekani hazifiki, na jamaa akitoa noti ya Marekani ya 20 kwa kutojua, ametoa zaidi ya mara ishirini ya bei. Mwambie kabla ya kutoa pochi aulize kwanza, dola ya Haiti au ya Marekani, na akijibiwa ya Haiti azidishe mara tano alipe kwa gourde.