Dada mwenye .30-06 ya urithi, usiiuze kabla hujapima mkono wako

Dada yangu, swali lako nimelisoma jana usiku nikalala nalo. Umesema marehemu mzee kakuachia bunduki ya risasi ya .30-06, taratibu za polisi umemaliza na kitabu kimeshatoka kwa jina lako, una kilo 49, umeipiga mara nne tu kwenye kiwanja cha shabaha bega likavimba wiki nzima, na sasa ukiishika tu macho yanajifumba yenyewe. Unauliza uiuze ununue kitu chepesi cha kuwindia swala na pongo, maana kwenye video za Wamarekani kila mtu anaimba 6.5 Creedmoor, risasi yenye teke dogo kuliko hiyo yako. Waliokujibu naona wamegawanyika, wengine wanakwambia utazoea tu, wengine wanakwambia chukua .223, risasi ndogo zaidi. Nakuomba usiwafuate hawa wala wale, na sababu ntakupa, manake hayo unayopitia nimeyapitia mimi mwenyewe hukuhuku Tanga na mwili wangu ni kama wako, kilo 52, futi tano na inchi moja.

Hao wa "utazoea" ndio nnaowaogopa zaidi. Mimi nliambiwa hivohivo. Nlianza na .30-06 miaka kumi na moja iliyopita, siku ya kwanza darubini ikarudi ikanikata juu ya nyusi, damu ikaingia jichoni, nikafungwa kitambaa nikaambiwa endelea. Nikaendelea. Kumbe bega linazoea lakini jicho halizoei, ukishaumia mara moja mwili unajua kwamba kidole kikivutwa kuna kitu kinakuja, basi unajikunja kabla risasi haijatoka na wewe mwenyewe hujui kama umejikunja.

Msimu uleule nikaenda upande wa Handeni na leseni yangu ya pongo mmoja, mimi na baba mdogo na askari wa wanyamapori. Jioni jua limeshalala kwenye miti, pongo dume akatoka ukingoni mwa kichaka, kasimama ubavu, hata mita sitini hazifiki. Nikatia bismillahi nikavuta. Akaruka akaingia kichakani. Tulipofika pale aliposimama tukakuta matone machache tu ya damu yenye vipande vya majani yaliyotafunwa, baba mdogo akachukua kidogo kwenye kidole akanusa akanyamaza. Ni tumbo. Nililenga bega nikapiga tumbo kwa umbali ambao mtoto angeweza kurusha jiwe likafika. Tulifuata mpaka giza, askari akasema basi, pongo dume mwenye jeraha hakimbii mbali, anakusubiri kichakani na zile pembe na ameshaua mbwa na watu. Tukarudi asubuhi tukamkuta hatua kama mia nne hivi, kalala chini ya mkwaju, tumbo limevimba, kibudu. Hakuna aliyekula. Ule usiku mzima alivyokuwa anateseka mule ndani na mimi nimelala kwenye hema nakunywa chai ya tangawizi, mpaka leo nikiukumbuka nakosa raha.

Baba mdogo hakunigombeza. Tuliporudi mjini akanipeleka uwanjani, akawa ananijazia bunduki yeye mwenyewe mimi nimegeuka, mara anaweka risasi ya kweli mara anaweka risasi bandia isiyo na baruti, mi sijui ipi ni ipi. Nikalenga, nikavuta, tik. Haikulia. Na mtutu nikauona kwa macho yangu unadidimia chini karibu upana wa kiganja, bega limesukuma mbele, macho yamefumba. Ile tik ndo iliyoniambia ukweli kuliko watu wote. Fanya hilo jaribio dada, mwombe mtu unayemwamini akujazie, mtutu ukiwa umeelekea kwenye kingo la udongo siku zote hata kama unadhani ni bandia. Ukiona mtutu unainama basi shida unaijua.

Sasa kwanini inapiga hivo. Teke la bunduki linatokana na uzito wa kichwa cha risasi, uzito wa baruti, mwendo wake, na uzito wa bunduki yenyewe. Ukichukua bunduki ya kilo 3.4, .30-06 yenye kichwa cha greni 180 (kwenye boksi imeandikwa 180gr, ni kama gramu 11.7) inakurudishia karibu joule 30 (joule ni kipimo cha nguvu ya hilo teke). Bunduki ya uzito huohuo kwenye .243 yenye kichwa cha greni 100 inarudisha 12 au 13. Yani chini ya nusu. 6.5 Creedmoor na 7mm-08 zinakaa katikati, 17 mpaka 20 hivi, .308 inazidi kidogo hapo. Na ile .375 ambayo wazee wetu wa uwindaji wanaitukuza ni zaidi ya 50 hata kama bunduki yenyewe ni nzito, hiyo achana nayo kabisa, ni ya nyati.

Lakini hizo namba ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kitako, na hapa ndo napotaka unisikilize vizuri kwa sababu hakuna aliyekugusia. Bunduki nyingi za dukani kitako kimepimwa kwa mwanaume mrefu, kutoka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako ni sentimita 34 au 35. Mtu wa kimo chetu anahitaji 31 mpaka 32 hivi. Kitako kikiwa kirefu hukiweki kwenye nyama ya bega, kinaangukia huku nje kwenye mfupa wa mkono, shingo unainyoosha mbele ili jicho liifikie darubini, na darubini inakaa karibu mno na paji. Darubini nyingi za kuwindia zinataka jicho likae kama sentimita 9 nyuma yake. Mimi kovu langu la nyusi halikuletwa na .30-06, limeletwa na kitako cha mtu wa futi sita.

Nlipogundua hilo nlikosea mara ya pili, nikampa fundi mmoja wa samani akikate, akakikata upande, na mpira wa kisigino, ule wa mwisho wa kitako unaogusa bega, akaubandika kwa gundi ukatoka risasi ya tatu. Tafuta fundi wa silaha mwenye kibali, akate sentimita mbili na nusu au tatu, aweke mpira mzito wa kisigino ule laini unaobonyea ukiuminya kwa dole gumba, na kile kipande kilichokatwa kihifadhi, ni cha mzee. Halafu darubini irudishwe ilingane na jicho lako. Peke yake hiyo itakupunguzia maumivu mpaka utashangaa. Masikio nayo: vaa vizibo ndani na vifuniko juu yake, vyote viwili, manake sehemu kubwa ya kule kushtuka ni mlio na sio teke. Watu watakushauri ufunge kile kifaa cha matundu mdomoni mwa mtutu, kweli kinapunguza teke sana lakini mlio unarudi nyuma kwako na kwa askari aliyesimama pembeni yako, kwa uwindaji mimi sikipendi.

Risasi pia, usibaki na 180. Kwa swala pala na pongo kichwa cha greni 150 kinatosha kabisa na teke linapungua kidogo, na zipo zile zinazotengenezwa makusudi na baruti pungufu na kichwa cha greni 125 hivi, hizo ukizipata zinakuletea karibu nusu ya teke. Ndo maana nakwambia usikimbilie kuuza. Bunduki ya mzee ikikatwa kitako, ikapata mpira na risasi nyepesi, huenda ikawa bunduki nyingine kabisa mkononi mwako, na gharama yake haifiki hata robo ya kununua mpya na kuanza taratibu za kibali upya.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na bado unafumba macho. Hapo nunua, na usione aibu.

Kwanza uelewe hao Wamarekani wanazungumzia mnyama gani. Yule swala wao wa mkia mweupe dume mkubwa anafika kilo mia na zaidi. Pongo wetu dume ni kilo 40 mpaka 80, jike mdogo zaidi, swala pala dume 50 mpaka 75. Kwaiyo chochote kinachomtosha yule wa kwao kinamtosha wa kwetu bila wasiwasi. Na kule kwao .243 ndo imelea watoto na wanawake wengi wa uwindaji, ilitoka 1955, ganda lake ni la .308 lililobanwa shingo likabeba kichwa chembamba. Mimi ndo ninayotumia, mwaka wa nane sasa, na nimeshachukua nayo swala pala, pongo na tohe, wengi wao hawakutembea hatua thelathini.

Ila .243 ina sharti. Usinunue vichwa vyepesi vya greni 55 mpaka 80 vilivyotengenezwa kwa wanyama wadogo. Risasi hii inatoka na mwendo wa mita 900 na ushee kwa sekunde, na huku kwetu pwani vichaka vimefunga, unapiga mita thelathini, hamsini, ukivuka mia ni nadra, sasa kichwa laini kikikutana na mfupa wa bega kwa mwendo ule kinapasuka hapohapo juu juu. Ilinitokea kwa swala pala mmoja, jeraha pana kama sahani ya kikombe lakini ndani hakuna kitu, nikashukuru Mungu kwamba alisimama nikampiga ya pili. Tangu siku hiyo ni greni 95 au 100, kichwa kigumu, kile cha shaba tupu au kile chenye ukuta katikati kama Nosler Partition ambacho kipo tangu 1948.

Kama kwenye mipango yako kuna ngiri dume, nguruwe pori wakubwa wanaotoka kwenye mashamba ya mkonge, au siku moja kongoni na kuro, basi panda juu kidogo uende 7mm-08 yenye greni 140. Teke lake ni theluthi mbili ya hiyo unayoikimbia na inapenya vizuri. Shemeji yangu ana 7x57 Mauser, ya 1892 hiyo kwa kuzaliwa, kazi yake ni ileile, nimeipiga risasi kumi mfululizo nikarudi nyumbani nikasonga ugali bila kulalamika. Yule Bell wa Karamoja, mwindaji maarufu wa zamani, alipiga tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57. Simtaji ili mtu afanye vile, leo sheria hairuhusu na wala isiruhusu, namtaja kwa sababu alikuwa anapasua vichwa vya tembo aliowaua ajue ubongo umekaa wapi. 6.5 Creedmoor sina neno baya juu yake, ni nzuri, ila kabla hujaipenda ulizia maduka mawili matatu ya Dar kama risasi zake zinaingia mara kwa mara. Mimi niliwahi kukaa miezi mitano na .243 yangu nzima kabatini kwa kukosa boksi moja la risasi, duka nililonunulia bunduki walikuwa wameniapia hazikatiki.

Hiyo .223 waliyokutajia kwa funo na paa sawa. Kwa pongo dume kwenye kichaka hapana, kichwa chake ni gramu tatu na nusu nne tu. Hata huko Marekani jimbo la Colorado halikuruhusu kumwinda swala wao kwa raifo iliyo chini ya .24, yani upana wa risasi kwa inchi. Na huku kwetu kabla hujalipa hata shilingi pita ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize ukubwa wa chini kwa kila mnyama unayemtaka, wakuoneshe kwenye kanuni, uandike.

Usichukue pia bunduki nyepesi sana kwa sababu wewe ni mwepesi, wauza maduka wanapenda kuwapa wanawake zile za kilo 2.5. Hizo ndo zinazopiga, uzito wa bunduki ndo unaomeza teke. Kilo 3.3 mpaka 3.6 na darubini yake, utaibeba tu, mbona ndoo ya maji tunabeba.

Mazoezi ya nyumbani: hakikisha mara tatu haina kitu, risasi zote ziwe chumba kingine, weka risasi bandia, lenga ukutani, mtu akuwekee sarafu ya shilingi mia mbili juu ya mtutu karibu na mdomo, vuta kifyatulio taratibu sarafu isianguke. Kila jioni mara ishirini. Mimi ilinichukua karibu miezi miwili mpaka sarafu ikaacha kuanguka. Uwanjani usipige zaidi ya risasi kumi kwa siku, bega likianza kuwaka acha uondoke, ukilazimisha unajifundisha kuogopa upya. Na mahali pa kulenga kwa hawa wanyama wetu panda na mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini, moyo wao umekaa mbele na chini kuliko watu wanavyodhani.

Sasa kunja mkono wako wa kulia pembe mraba, shika futi ya fundi cherehani, pima kutoka kwenye kikunjo cha kiwiko mpaka kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Alafu pima kitako cha bunduki ya mzee kutoka kifyatulio mpaka mwisho. Niwekee hapa namba zote mbili pamoja na uzito wa bunduki ikiwa na darubini, nitakwambia ikatwe kiasi gani.