Salzburg kwa mara ya kwanza: chagua msimu kabla ya kukata tiketi ya ndege

Watu huuliza tamasha la muziki la Salzburg, mji wa Austria alikozaliwa mtunzi Mozart, ni lini, kana kwamba ni moja. Yako manne. Mwishoni mwa Januari kuna Juma la Mozart, karibu na siku aliyozaliwa, tarehe 27. Pasaka ina tamasha lake, lililoanzishwa na mwongozaji wa okestra Herbert von Karajan mwaka 1967. La Pentekoste ni la siku nne tu, Ijumaa hadi Jumatatu. Lile kubwa, lililoanza 1920, huanza Julai inapokaribia kwisha na kumalizika mwisho wa Agosti.

Mgeni tungemshauri aanze na Pentekoste. Opera, yaani mchezo wa kuimbwa, inayoigizwa siku hizo kwa kawaida hurudiwa Agosti, kwa hiyo unaiona mapema kabla mji haujafurika. Angalia tu kalenda kabla ya kuomba likizo kazini, maana sikukuu hiyo huhama kila mwaka.

Ukitaka Agosti, fuata mpangilio huu. Oda za tiketi hupokelewa mwanzoni mwa mwaka wa tamasha, na maonyesho yanayogombewa hugawiwa: unaweza kuomba matatu ukapata moja. Subiri jibu kwanza. Kisha weka chumba katika hoteli inayokubali kufuta bila kukukata pesa, ndipo upeleke maombi ya viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kima kisichopungua euro 30,000. Anayeanza na ndege hujikuta ana safari isiyo na opera.

Vyumba vya mjini mwezi huo ni ghali mno. Freilassing, upande wa Ujerumani, ni dakika chache kwa treni, ila tembea na pasipoti mfukoni kwa sababu ya ukaguzi mpakani. Angalia pia saa ya treni ya mwisho, maana opera ndefu huvuka saa nne usiku bila wasiwasi wowote.

Sasa tiketi yenyewe. Soma jina la ukumbi, siyo saa peke yake. Kumbi tatu kubwa zimepangana mtaa mmoja, Hofstallgasse: Großes Festspielhaus, Haus für Mozart na Felsenreitschule, ile ambayo matao yake yalichongwa kwenye mwamba wa mlima mwaka 1693. Kukosea mlango hapo ni jambo la kawaida. Kibaya zaidi ni tiketi iliyoandikwa Perner-Insel: huko ni Hallein, mji mwingine kabisa kusini mwa Salzburg. Ukichelewa, mlango hufungwa. Utangoja mapumziko, na onyesho lisilo na mapumziko limekupita.

Jedermann, inayochezwa mbele ya Kanisa Kuu, si opera. Ni mchezo wa maneno, kwa Kijerumani, juu ya tajiri anayeitwa na Mauti. Soma kisa chake kwanza. Mvua ikinyesha huhamishiwa Großes Festspielhaus, na mvua ya Salzburg haina haya, hata Agosti. Kwenye opera mambo ni mepesi kidogo: maneno huonyeshwa juu ya jukwaa kwa Kijerumani na Kiingereza.

Mwenye bajeti ndogo asidharau konseti za Mozart za saa tano asubuhi, Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi wa Mozarteum. Ukumbi ni mdogo, na sauti inakufikia popote ulipokaa. Wanakwaya wa Kikatoliki watafute Misa ya Mozart ya C ndogo (C minor) katika kanisa la Mtakatifu Petro. Ilipigwa humo kwa mara ya kwanza 1783. Usiku, uwanja wa Kapitelplatz huwa na skrini kubwa ya maonyesho yaliyorekodiwa, bila kiingilio.

Ndani ya ukumbi, simfoni, yaani kipande kirefu cha okestra, ina sehemu kadhaa na kimya katikati. Usipige makofi mpaka mwongozaji wa okestra ashushe mikono. Kama una kikohozi, menya pipi zako kabla taa hazijazimwa, maana karatasi ile husikika safu kumi mbele. Koti na mwavuli viache kwa wahudumu wa mlangoni. Suti nyeusi au gauni refu la kitenge vyote vinakubalika. Jinzi haikatazwi, lakini utajiona peke yako.

Ukikosa tiketi, usinunue kwa mtu wa mtaani. Fungua ukurasa rasmi wa tamasha siku za mwisho kabla ya onyesho: zilizorudishwa huonekana humo, moja moja, na huondoka haraka.