Saa Moja Asubuhi, Saa Moja Jioni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama ni haki kumtafutia makazi mbwa mwenye ugonjwa wa kudumu na tabia ngumu, au ni afadhali nafasi yake kituoni apewe mbwa mzima ambaye atapata mtu upesi. Nimejitolea kwa miaka sita katika kituo kidogo cha kuhifadhi mbwa mjini Morogoro, chenye mabanda kumi na mawili tu, kwa hiyo hesabu hiyo ya nafasi naifahamu vizuri kuliko ninavyotaka. Jibu langu ni kwamba ni haki, kwa sharti moja ambalo sisi wenyewe tulilivunja kabla ya kulielewa: anayemchukua aambiwe kila kitu, na aanze kuambiwa mabaya.

Mbwa aliyenifundisha jambo hilo anaitwa Jeki. Aliletwa kwetu akiwa na umri ambao daktari aliukadiria kwa kuyatazama meno kuwa miaka mitatu, rangi yake ya udongo mwekundu, ncha ya sikio moja imekatika, na shingoni ana duara lisilo na manyoya mahali mnyororo ulipokaa muda mrefu. Kupe walikuwa wamemjaa hadi katikati ya vidole, naye alikuwa na homa ya kupe, ambayo ilitibiwa kwa doksisiklini kwa wiki nne ikaisha. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa katika mambo mawili yaliyojitokeza baadaye. La kwanza lilikuwa bakuli lake: mtu akimkaribia anapokula, Jeki hakubweka wala kunguruma, bali aliganda, akashusha kichwa juu ya chakula na kuinua mdomo wa juu meno yakaonekana. Wanaowafahamu mbwa wanajua kwamba ukimya wa namna hiyo unatisha kuliko kelele. La pili lilitokea usiku mmoja katika mwezi wake wa pili kituoni, tulipomkuta amelala ubavu, miguu ikipiga hewani kama anayeogelea, povu likimtoka na mkojo umemlowesha. Kilikuwa kifafa.

Mtu wa kwanza kumchukua alikuwa mfanyabiashara aliyetaka mbwa wa kulinda nyumba. Tulimwambia kwamba Jeki ni mpole akishazoea, jambo ambalo ni kweli, na kwamba asisumbuliwe anapokula. Kuhusu kifafa hatukusema neno. Wiki nane zilikuwa zimepita bila kumshika, mabanda yote yalikuwa yamejaa, na bwana yule alikuwa na haraka kama sisi. Usiku wa tisa kikamshika. Mlinzi aliyeliona lile povu alipiga kelele kwamba mbwa ana kichaa, majirani wakatoka na marungu, na kilichomwokoa Jeki ni kijana wa kazi aliyekimbia kufunga mlango wa banda na kusimama mbele yake akiwaomba wangoje. Walipokuwa bado wanabishana, Jeki alisimama, akapepesuka hadi akagonga ukuta, kisha akaenda kunywa maji. Kesho yake asubuhi alirudishwa kwetu juu ya guta, amefungwa kamba miguu minne. Kadi yake ya chanjo, ambayo ingeweza kuwatuliza watu wale, ilikuwa ndani ya droo yetu.

Siwalaumu hata kidogo majirani wale. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uliopo nchini mwetu, kinaua watoto, na anayeogopa povu la mbwa ana sababu ya kuogopa. Ndiyo maana lilikuwa jukumu letu kueleza tofauti mapema. Kifafa humshika mbwa kwa dakika moja au mbili, humwacha amechanganyikiwa kwa muda, kisha mbwa hurudi kuwa yuleyule, anakula, anakujua, na huenda zikapita wiki nyingi kabla hakijarudi. Kichaa hakina mapumziko ya namna hiyo: mbwa huendelea kuharibika, sauti hubadilika, taya hulegea, na kwa kawaida huwa amekufa ndani ya siku kumi tangu dalili zianze. Hata hivyo, aliyeumwa na mbwa asikae kuchambua tofauti hizo; aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano na aende hospitali siku hiyohiyo akaulizie chanjo, kwa sababu dalili zikishamtokea binadamu hakuna dawa ya kumponya.

Mtu wa pili tulimwambia ukweli wote. Alikuwa dada mwenye moyo mwema ambaye alimlilia Jeki kabla hata hajamgusa, na kosa letu safari hii lilikuwa kudhani kwamba machozi yanatosha. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini, na mara nyingi alirudi saa tatu usiku. Dawa ya Jeki ni fenobabitoni, kidonge kimoja kila baada ya saa kumi na mbili, na faida yake inategemea kiasi cha dawa katika damu kisishuke. Dozi ikichelewa leo, ikarukwa kesho, kifafa hupata mlango. Ikikatishwa ghafla, kinaweza kumshika mbwa mfululizo hadi afe. Dada yule alijitahidi kwa wiki sita. Huruma alikuwa nayo tele; alichokosa ni saa. Alimrudisha mwenyewe, amembeba kwenye shuka, baada ya Jeki kushikwa mara tatu kati ya asubuhi na usiku wa siku moja.

Ni daktari wetu aliyetuonyesha jambo ambalo tulikuwa tumelitenganisha bila sababu. Tulikuwa tukiandika kifafa katika daftari la matibabu na ukali wa bakuli katika daftari la tabia, kana kwamba ni mbwa wawili. Akatueleza kwamba fenobabitoni humwongezea mbwa njaa na kiu, hasa wiki za mwanzo, na humfanya ayumbe kidogo. Maana yake ni kwamba kidonge kilekile kilichotuliza kichwa cha Jeki kilikuwa kikimpelekea tumbo linalodai, na tumbo hilo likamfanya alinde chakula kwa ukali zaidi, kisha ukali huo ukamfanya yeyote anayempa kidonge asite kumkaribia, na kidonge kikachelewa. Sisi tulikuwa tukimwadhibu kwa kumwondolea bakuli ili ajifunze kwamba wenye chakula ni binadamu, na kumbe tulikuwa tukimthibitishia kwamba ana haki ya kuhofia. Tukageuza. Chakula chake kiligawanywa mara tatu kwa siku bila kuongezwa, akala peke yake banda limefungwa, na kila aliyepita alidondosha kipande cha firigisi karibu na bakuli akaendelea na safari yake. Baada ya miezi miwili aliposikia hatua za mtu aliinua kichwa kutazama kama kuna kitu kinaletwa.

Kidonge chenyewe kina ufundi wake. Jeki anaweza kumaliza tonge la ugali na kukitema kidonge sakafuni kikiwa kisafi kama kilivyotoka kwenye kopo. Kwa hiyo matonge huwa matatu, kila moja limepakwa mchuzi wa dagaa: la kwanza tupu, ili asiwe na shaka, la pili lenye kidonge, na la tatu linashikwa mbele ya pua yake kabla hajamaliza la pili, ili tamaa ya linalokuja imfanye ameze bila kutafuna. Mkono usipowahi na tonge la tatu, kazi yote inaanza upya.

Ndipo tukabadilisha pia tangazo letu. La zamani lilisema kwamba Jeki anahitaji mtu wa kumpenda, maneno ambayo yanaweza kuandikwa juu ya mbwa yeyote. Jipya liliieleza siku yake: anatafutwa mtu anayekuwa nyumbani saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, pamoja na sikukuu, mwenye uwanja wenye ukuta au michongoma iliyofungamana, asiye na mtoto mdogo wala mbwa mwingine, mbwa huyu ana kifafa, hulinda chakula chake, na humwogopa mwanamume aliyeshika fimbo. Mwenzetu mmoja alicheka akasema kwamba hatujapata kuona posa inayoanza kwa kutaja kasoro za bibi harusi. Walipiga simu watu saba katika miezi mitano, na watano kati yao walighairi waliposikia neno kifafa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ningewahesabu hao watano kuwa hasara.

Aliyekuja ni bibi wa miaka sabini na kitu, fundi cherehani anayeshona barazani kwake Bigwa, na alikuja kwa miguu hadi getini kwetu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyo mwenye kifafa ndiye yupi?”

Aliniambia kwamba amezaliwa Mahenge, huko Ulanga, ambako kifafa kinajulikana kuliko sehemu nyingi za nchi, na kwamba mdogo wake wa kiume alikuwa nacho. Watu walikataa kula naye sahani moja, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa hapo Mahenge, na mdogo wake akawa miongoni mwa waliopewa dawa. Nilipomwonyesha kopo la Jeki alikimimina kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza, akasema, “Hivi ndivyo alivyokuwa akimeza. Mama alikuwa akisikia jogoo anaamka kumpa.” Lile povu, ambalo lilikuwa limewatoa nje watu wazima na marungu, kwake lilikuwa kitu cha kufuta kwa kitambaa.

Hata hivyo hatukumkabidhi siku hiyo. Alikuja Jumamosi nne. Alikaa kwenye kigoda upande upande, bila kumkazia Jeki macho wala kumnyoshea mkono, akashona vifungo vyake na mara mojamoja akadondosha dagaa. Jumamosi ya tatu Jeki alilala akiwa ameegemeza mgongo kwenye mguu wa kigoda. Mkwe wake, ambaye hutembelea mkongojo, tulimwomba afike Jumamosi ya nne ili tuone itakuwaje, na ilikuwa vibaya: Jeki alijikojolea na kurudi nyuma hadi ukutani. Tukakubaliana kwamba mkwe akija, mkongojo ubaki getini na yeye ashikwe mkono hadi barazani. Jambo hilo liliandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano, pamoja na mengine: kifafa kikimshika Jeki, mtu asitie mkono mdomoni mwake, atazame saa, aondoe vigoda vilivyo karibu, kikizidi dakika tano, au kikirudi zaidi ya mara moja katika siku moja, daktari aitwe bila kungoja kuche. Damu hupimwa kila baada ya miezi sita, kwa kuwa dawa hii inaweza kuumiza ini, na hapa Morogoro tuna bahati ya kuwa na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mstari wa mwisho wa karatasi unasema kwamba akishindwa wakati wowote, kwa sababu yoyote, Jeki anarudi kwetu na hakuna atakayemuuliza kwa ubaya.

Msomaji anaweza kuniuliza juu ya nafasi, kwa sababu ndilo swali lenu. Jeki alikaa nasi miezi kumi na minne kwa jumla, na katika muda huo tuliwakataa mbwa ambao sijui walikoishia. Lakini nikiitazama miezi hiyo naona kwamba mingi ilipotea kwa kumpeleka pasipomfaa na kumpokea akiwa na hofu zaidi ya alizoondoka nazo, kisha kuanza kumtuliza upya. Hatukuwahi kujaribu kueleza katika tangazo alivyo na siku yake ilivyo hadi tulipokuwa tumemharibia mara mbili. Pia sitaki mnielewe kwamba kila mbwa ana bibi wake wa Bigwa. Mwaka jana tulikuwa na jike aliyeng'ata watu watatu kwa kina, bila ishara, bila chakula wala mtu kumgusa, na daktari hakupata maumivu wala ugonjwa wa kutibu. Tulikubaliana adungwe sindano ya kumlaza moja kwa moja, na mimi nilikishika kichwa chake. Kumpa mtu mbwa yule kwa kunyamaza kungekuwa ukatili kwa wote wawili, na kumweleza alivyo kwa ukweli kulituonyesha kwamba hapakuwa na nyumba ya kumpeleka.

Jeki bado anashikwa. Bibi anatia alama ya msalaba kwenye kalenda ya ukutani na kuandika dakika pembeni, na kwa mwaka mmoja misalaba imekuwa saba. Yeye mwenyewe anameza dawa ya presha asubuhi na jioni, kwa hiyo hazihitajiki kengele mbili. Makopo hukaa kabati moja, rafu tofauti, na lile la Jeki amelifunga uzi mwekundu mnene wa kudarizi ili mkono ulitambue hata umeme ukikatika. Juzi jioni simu yangu iliita saa moja na dakika tano. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia kwamba vidonge vya Jeki vimebaki kumi na viwili, yaani vya siku sita, kwa hiyo nikimwona daktari nimwombe aandike karatasi nyingine, na nikipita duka la dawa niulize na vyake, maana vimebaki vinane.