Poti 25565 haifunguki: majibu kwa wenye seva za gemu nyumbani

Shule zimefungwa, na karibu kila swali nililopokea linahusu Minecraft. Nimechagua matano.

Wenzangu wanasema nifungue poti ili waingie kwenye seva yangu. Poti ni kitu gani, na naanzia wapi? (Tabata)

Tafsiri za mashine huandika "usambazaji wa bandari", utadhani tunashusha makontena Kilindini. Poti ni namba tu, mwisho wake 65535, inayoonyesha data iliyofika ni ya programu ipi. Minecraft ya Java, ile ya kompyuta, husikiliza 25565 kwa TCP. Ile ya Bedrock, inayochezwa kwenye simu na konsoli, hutumia 19132 kwa UDP. TCP na UDP ni njia mbili tofauti za kusafirisha data. Ukizichanganya hizo utakesha bure.

Ruta ni kama mlinzi wa geti. Ukimtuma mtu nje, mlinzi anamkumbuka na kumruhusu arudi. Mgeni asiyeitwa anafukuzwa. Kufungua poti ni kumwachia mlinzi maagizo: anayeulizia 25565, mlete kwangu.

Kwenye Windows fungua kidirisha cha amri, andika ipconfig, unakili anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.1.20. Hapohapo utaona anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari, uingie. Kabla ya jambo lolote nenda sehemu ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani, uifungie kompyuta anwani yake, la sivyo siku moja itapewa nyingine na wageni wako watapelekwa kwenye runinga ya sebuleni. Halafu tafuta "Port Forwarding". Ruta nyingine huiita "Virtual Server". Jaza anwani ya kompyuta, namba 25565 nje na ndani, TCP, hifadhi. Mwisho, ruhusu Java kwenye ngome (firewall) ya Windows yenyewe. Hiki cha mwisho ndicho watu husahau.

Nimefanya hayo yote, nikafuta, nikarudia. Bado poti inaonekana imefungwa. Natumia ruta ya laini ya 4G. (Mbezi)

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza hakikisha seva ilikuwa inawaka ulipopima, maana poti isiyo na programu nyuma yake huonekana imefungwa hata kama ruta iko sawa.

Kama ilikuwa inawaka, nadhani hujakosea popote. Ingia kwenye ruta, tazama anwani yake ya upande wa nje, ile ya WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, yaani anwani yako kwenye intaneti. Zikilingana, huenda tatizo liko nyumbani kwako. Zikitofautiana, kuna geti jingine mbele ya geti lako, na mlinzi wake hakujui. Kipimo hiki ni cha dakika mbili. Mimi nilikijua baada ya kupoteza Jumamosi nzima, kwa hiyo nakishauri kitangulie kila kitu.

Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mafundi huita CGNAT, na fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo, kwa kuwa anwani zote za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu na hazitoshi. Ikianza na 10 inaweza kuwa mambo ni hayo hayo, hasa kwenye laini za simu. Ikianza na 192.168, chunguza kama una vifaa viwili nyumbani, kiboksi cha faiba na ruta yako mwenyewe. Hapo fungua poti kwenye vyote viwili, au omba kiboksi kiwekwe kipitishe tu.

Kwenye CGNAT, kuhangaika na menyu za ruta hakusaidii. Uliza kama unaweza kupewa IP ya umma, na bei yake. Ukishindwa, weka ZeroTier au Tailscale kwenye kompyuta yako na za wenzako, mtaonana kama mko sebule moja. Wenzako wakiwa wavivu wa kusakinisha, playit.gg hupitisha wachezaji kwenye seva zake bila wao kuweka chochote. Ila data ikizunguka mbali, gemu itachelewa kidogo.

Rafiki zangu wanaingia vizuri. Mimi mwenyewe nikiandika IP ya nje, nakataliwa! (Nyali)

Ruta nyingi haziwezi kumtoa mtu nje na kumrudisha ndani kwa safari moja. Wewe ukiwa kwenye kompyuta yenye seva tumia localhost, yaani kompyuta hiyo hiyo, na aliye kwenye waifai hiyo hiyo atumie ile ya 192.168. Hakuna kilichoharibika.

Mwanangu wa miaka 13 anataka nywila ya ruta afungue poti. Wezi hawataingia humo? (Dodoma)

Mama, poti moja haifungui nyumba nzima. Inamfikisha mgeni kwenye programu moja. Hatari iko kwenye programu hiyo. Desemba 2021 iligundulika hitilafu ya Log4Shell: mtu aliandika mstari mmoja kwenye gumzo la Minecraft na kuiamrisha seva. Toleo 1.18.1 likaitibu. Kwa hiyo asiendeshe toleo la zamani.

Awashe whitelist, waingie aliowataja tu, kwani kuna roboti zinazozunguka intaneti kutafuta poti zilizo wazi. Na online-mode, mpangilio wa seva unaohakiki akaunti za wachezaji, ibaki true. Najua vijana wengi huizima ili wenye nakala zisizolipiwa waingie, lakini ikizimwa mtu yeyote anaweza kujiita jina la mwanao na whitelist ikamwamini. Akitaja DMZ, kataa: hiyo huianika kompyuta nzima. Nywila iandike wewe, yeye akuelekeze.

Umeme ukikatika na kurudi, wenzangu wa Muscat hawanipati tena. (Unguja)

Ruta ikizimika mara nyingi hupewa IP mpya. Jisajili na huduma ya DDNS, No-IP au DuckDNS kwa mfano, uwape jina badala ya namba. Ruta nyingi zina sehemu ya kuijaza. Ukishindwa kuipata, programu ndogo kwenye kompyuta hufanya kazi hiyo, mradi nayo iwe imewaka.